Mama Tambarare Anaweka Msasa Chini

Kabla sijaandika miaka na tarehe kwa ajili ya jarida hili la hospitali, kama nilivyoagizwa na katibu wa karakana, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi. Katika daftari la kazi la karakana yetu kuna mstari mmoja wa wino mwekundu mbele ya jina la Mama Tambarare. Mstari ule si wake. Ni wangu.

Sasa nianze inavyotakiwa.

Mama Tambarare anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya kuitumikia karakana ya hospitali yetu kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wakuu watano, amehama meza mara moja, na amechelewa kufika kazini mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anajifungua. Mara ya pili, anasema mwenyewe, hana kisingizio, alilala.

Hakuanzia kwenye kompyuta. Alipoajiriwa, hospitali nzima ilikuwa na kompyuta mbili, na zote zilifunikwa vitambaa kama makochi ya wageni. Kazi yake ilikuwa mifuniko ya yale masufuria makubwa ya mvuke yanayotakasia vifaa vya upasuaji. Mfuniko ukipinda hata kwa unene wa unywele, mvuke unatoroka na vifaa havitakasiki. Yeye alitandika msasa juu ya kioo kinene, akamwagia maji, akausugua ukingo wa mfuniko juu yake mpaka ukakaa sawasawa. Alichagua kioo kwa sababu kioo hakipindi. Bado anacho. Ni kipande cha dirisha la duka lililobomolewa, kina pembe moja iliyomeguka, na hakuna aliyewahi kuweka kikombe cha chai juu yake akabaki na amani siku hiyo.

Kisa cha kompyuta ya kwanza husimuliwa karakana kila anapokuja mgeni. Kompyuta ya maabara ilikuwa inazimika kila baada ya nusu saa. Mkuu wetu wa sasa, wakati huo akiwa fundi mpya mwenye diploma mpya, alikuwa amekwisha badilisha feni mbili na kutangaza kwamba ni virusi. Mama Tambarare aliinua kichwa kutoka kwenye mfuniko wake.

“Hicho chuma kilichokaa juu, umekiangalia tako?”

“Mama, kompyuta si sufuria.”

“Najua, mwanangu. Sufuria haijawahi kunidanganya kwamba ina virusi.”

Watu walicheka mpaka fundi umeme akaunguza kidole. Mama Tambarare alikichukua kile chuma, akakilaza kwenye kioo chake, akakisugua kwa muda wa saa nzima bila haraka. Kompyuta ilirudi maabara ikafanya kazi siku nzima, kisha wiki nzima, kisha watu wakasahau kwamba iliwahi kuumwa. Mkuu mwenyewe ndiye anayekisimulia kisa hiki kwa sauti kubwa kuliko wote. Husema diploma yake ya pili aliipata siku ile, na haina karatasi.

Kwa wasomaji wa wodini, jikoni na getini ambao hawajawahi kuingia kwetu, nieleze kidogo. Ndani ya kompyuta kuna prosesa, ndiyo inayopiga hesabu zote, na ikifanya kazi inapata joto kama pasi. Juu yake hukaa kipoza joto, kipande cha shaba au alumini chenye mapezi mengi membamba, ambacho hulipokea joto lile na kuliachia feni ilipeperushe. Ukikitazama tako lake kwa macho, utaapa ni bapa. Weka rula ya chuma, elekeza dirishani, utaona mwanga unapita chini ya rula. Mahali mwanga unapopita ndipo hewa inapokaa, na hewa hailipitishi joto ipasavyo. Mafundi wengi huiziba nafasi hiyo kwa pesti nyingi, ule uji mzito wa kijivu wa kupitisha joto, wakadhani wamemaliza. Mama Tambarare huiita pesti hiyo kiraka, na anasema kiraka kikiwa kikubwa kuliko nguo, tafuta nguo nyingine.

Namna yake ya kufanya kazi ni ya kutazamwa. Huchora kwa kalamu ya wino mzito mistari miwili inayokatana kwenye tako la kipoza. Huanza na msasa namba mia nne, maji, na tone la sabuni. Mara kumi kwenda na kurudi, kisha anakigeuza robo mzunguko, mara kumi tena. Mistari ikifutika katikati na pembeni haijaguswa, anajua mgongo uko wapi. Ikifutika yote kwa pamoja, anahamia mia nane, halafu elfu moja mia tano, kila mmoja laini kuliko uliotangulia. Hakandamizi hata kidogo. “Kina uzito wake,” huniambia, “usikiongezee wako.” Kwa hesabu ya daftari, vipoza vilivyopita mikononi mwake ni mia nne na kumi na viwili. Mashine za maabara, za chumba cha picha na za duka la dawa ambazo zilikuwa zimeshaandikiwa kutupwa, zinafanya kazi mpaka leo.

Jina la Mama Tambarare alilipata kwa haki. Mkurugenzi alipoletewa meza mpya, kila mkuu wa idara alipita kuisifu. Yeye alipita na rula. Akailaza juu ya meza, akachungulia, akatoa kadibodi mfukoni, akaikunja mara mbili na kuiweka chini ya mguu mmoja, kisha akaondoka zake. Mume wake, ambaye ni dereva mstaafu na mtu wa maneno machache, anasema nyumbani kwao hakuna rafu, sufuria wala kizingiti ambacho hakijapimwa. Vipoza vilivyokufa kabisa huenda kwa mjukuu wao, ambaye huchania nywele za mwanasesere kwa yale mapezi. Mwanasesere ana upara sasa.

Nimefika mahali pagumu, lakini naandika.

Karakana yetu ina desturi. Kazi ikirudi ndani ya siku thelathini kwa kosa la fundi, mkuu huandika mstari mwekundu mbele ya jina la fundi huyo. Hakuna barua ya onyo wala adhabu. Lakini fundi anayestaafu bila mstari hata mmoja, kifaa chake kimoja hutundikwa juu ya mlango, nasi tunaobaki hupita chini yake kila asubuhi. Mpaka leo vipo viwili tu: nyundo ya seremala mmoja na koleo ya fundi bomba, ambaye hakuna aliyebaki anayemkumbuka sura. Cha tatu kilikuwa kiwe kioo cha Mama Tambarare. Seremala alikuwa ameshatengeneza fremu yake na kuipiga vanishi. Tangu mwezi uliopita fremu hiyo imesimama nyuma ya kabati, imegeuzwa uso ukutani.

Siku ya kosa lenyewe, mwezi huo uliopita, Mama Tambarare alikwenda kusaini fomu za kustaafu. Mezani aliacha kipoza cha kompyuta ya maabara kikiwa kimeshapita mia nane. “Wewe osha vifaa tu, mwanangu. Hiki nitakimalizia nikirudi.” Mimi ni mwanagenzi, nina miezi mitano tu tangu nimalize shule, na nilikuwa sijawahi kumaliza kipoza peke yangu. Foleni ilimweka huko hadi jioni. Nikaona nimfurahishe. Kabatini kulikuwa na kopo la dawa ya kung'arishia shaba za mlango mkuu. Nikafunga kitambaa kwenye kidole gumba nikasugua, nikasugua, mpaka nikaiona pua yangu kwenye chuma. Sikuchukua rula. Niliona kilivyong'aa nikajua kimekamilika. Nikapaka pesti, nikafunga skrubu.

Mhudumu wa maabara alikuja mbio, akaikuta mashine imefungwa na kufutwa vumbi, akaibeba. “Mwambie Mama mkono wake una baraka!” Sikumsahihisha. Mimi hata kuomba chumvi mezani hunichukua muda.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya chai, mashine ilikuwa imeshazimika mara tatu na majibu ya wagonjwa sita yalikuwa yamepotea. Bibi mmoja aliyechomwa sindano kwa mara ya pili aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi kwetu, “Damu yangu mnaipeleka wapi? Mnafuga kunguni huko ndani?” Mkuu alikuja na daftari mkononi. Mafundi wote walikuwepo.

“Mama, hii si ndiyo kazi yako?”

Mama Tambarare alifungua skrubu, akafuta pesti, akaweka rula. Rula ilicheza kama pembea. Katikati palikuwa na mgongo, na mwanga ulipita pande zote mbili. Akakinusa kile chuma. Dawa ya shaba ina harufu yake, na katika miaka yote hajawahi kuitumia, kwa sababu, kama asemavyo, kung'aa ni kwa harusi. Alitazama kabatini. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau: hakunitazama.

“Ni yangu,” alisema. “Mkono umezeeka.”

Mkuu alishika kalamu bila kuandika. “Mama, una hakika?”

“Andika, baba, wino unakauka.”

Akaandika. Mimi nilikuwa kwenye sinki, bomba limefunguliwa, sina ninachoosha.

Walipotawanyika aliniita. “Njoo huku, mwanangu. Leta mia nne.” Aliweka mikono yangu juu ya kipoza na yake juu ya yangu. Hakutaja dawa ya shaba, hakutaja kitambaa. Alizungumza kama anayezungumzia kosa la mtu wa mbali ambaye hatumjui. Alisema kidole kilichofungwa kitambaa ni laini, huteleza pembeni na kula kingo, katikati pakabaki mgongo. Alisema mtu anaweza kuking'arisha chuma kilichopinda mpaka kikamwonyesha sura yake, na bado kimepinda. Tulichora mistari, tukaanza upya. Asubuhi ile prosesa ilikuwa imefika nyuzi tisini na sita. Alasiri ilisimama kwenye sitini na nane, na haijazimika tena hadi ninapoandika.

Tangu siku ile nimesikia watu wakisema kwa huruma, “Masikini Mama, afadhali apumzike, mkono umemtupa.” Wanasema kwa nia njema. Lakini si kweli, na mimi nakaa meza moja naye. Wiki hii pekee amemaliza vipoza vitatu. Kila kimoja nimekiwekea rula mwenyewe, nikaelekeza dirishani, nikageuza pande zote nne. Mwanga haukupita. Mkono ule haujazeeka. Anaondoka kwa sababu miaka imetimia, na anaondoka akiwa fundi kamili kama siku aliyomnyamazisha mwenye diploma.

Kwa hiyo, Mkuu wetu, ukifika mstari huu, naomba kwa heshima uuhamishe ule mwekundu uje mbele ya jina langu. Jina langu bado halijaandikwa kwenye daftari lile hata mara moja, na sioni vibaya likianza hivyo. Fundi wa kwanza kunifundisha alinionyesha kwamba kilichopinda kinarudishwa kwenye kioo, kinaanzwa na msasa mkali, na hakuna aibu ndani yake. Fremu iko nyuma ya kabati. Nimeifuta vumbi.

Kwa niaba ya mafundi wa karakana, na wa maabara, chumba cha picha na duka la dawa ambao mashine zao zinapumua kwa sababu yake, namshukuru Mama Tambarare kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Tunamwombea afya, usingizi mrefu asubuhi bila kisingizio, na mume mwenye subira na rula. Maisha yake mbele yawe tambarare.

Mwisho nina ombi kwenu nyote mnaosoma. Jarida hili Mama Tambarare halisomi; kila toleo hulitandika mezani ili pesti isidondokee mbao. Basi kioo kikitundikwa Ijumaa naye akauliza imekuwaje, mwambieni daftari lilikuwa na kosa na limesahihishwa, maana ndivyo ilivyo. Msimwambie ni nani aliyesema. Aliuweka mkono wake mbele ya wangu, watu wote wakitazama, na sitaki aende nyumbani akidhani niliusukuma kando. Najua tuko karibu mia mbili na siri ya watu mia mbili ni tangazo. Hata hivyo naomba mnitunzie.