Aliyeutetea Ubeti wa Fedha Nyeusi

Kwa miaka thelathini na mitatu ameushika ufunguo wa maabara ya shule yetu, na Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, mtunza maabara wetu anaukabidhi.

Alianza kwa kuosha chupa. Kuingia kwake katika mashairi ni kosa langu mimi, mwalimu wa fasihi. Wanafunzi wangu walikuwa wakisinzia kwenye beti za kale zinazofananisha moyo wa mpenzi na zebaki, nikaenda kumlalamikia. Kesho yake alikuja darasani na kichupa kilichozibwa, akakiinamisha. Tone likakimbia, likagawanyika, likaungana tena. Darasa zima likasogea kutazama, na mimi pia, maana nilikuwa nimelifundisha neno hilo miaka sita bila kuiona zebaki yenyewe.

Basi akanogewa. Alisoma diwani zote za maktaba, akaorodhesha kila risasi, shaba, feruzi na yakuti. Tulimtania kwamba akipewa shairi la mapenzi hutafuta madini kwanza. Tukambandika jina la Mzee Zebaki, naye akaitika.

Kilichomtoa jasho ni utenzi wa zamani tuliotaka kuuchapa, kazi ya bibi mmoja aliyekwisha kufariki. Ubeti mmoja ulisema bangili ya fedha iligeuka nyeusi kwa kulala sandukuni pamoja na kiberiti, ule unga wa manjano. Sisi wa kamati ya uchapaji tukaona mnakili alikosea, tukaamua kuufuta. Mzee Zebaki akasimama: “Jamani, msimfute mama wa watu. Nipeni wiki moja tu.”

Akaazima bangili ya mkewe, akaifungia chupani na unga huo. Siku ya saba akaitoa mbele yetu, nyeusi tii. Mkewe hajamwazima kitu tena hadi leo. Sisi tulishikwa na haya, na zaidi ya haya, mshangao: bibi yule, asiye na maabara wala mizani, aliona kwa macho yake na kusema kweli, nasi tulikaribia kumfanya mwongo kaburini.

Ubeti ukachapwa kama ulivyo. Mjukuu wa mtunzi alipokuja kuchukua nakala, aliutafuta huohuo kwanza. Akatuambia kuwa katika beti mia mbili, hapo tu ndipo bibi yake alipojitaja mwenyewe. Bangili ilikuwa yake, ya harusi.

Mzee wetu, asante kwa kumsadiki. Nenda kapumzike na afya tele, na siku zako zote ziwe za heri.