Historia ya Papa Florent Mwenze na Kura Yake ya Mwisho

Honi ililia saa saba na dakika ishirini za usiku, kuamkia Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, hapa Laeken, ghorofa ya tatu, ile honi ya mkononi ya uwanja wa mpira ambayo papa aliiweka kando ya kitanda tangu sauti yake ilipopungua, ililia mara moja tu, fupi, nami nikakimbia na mutoto mikononi kwa sababu naye alikuwa ameamka, kwa hiyo, papa na maman, tonton na tantine, watu wa parokia na watu wa klabu, mnisamehe kama ninasoma haraka, familia imenituma mimi, Sephora, kitinda mimba wake, niwasomee maisha yake, na nitajaribu kufuata njia kama inavyotakiwa.

Papa Florent Mwenze Kalunga alizaliwa Likasi tarehe 3 Juni 1957, mutoto wa pili kati ya saba wa papa Donatien Kalunga, seremala, na maman Philomène Ngoie, akasoma shule ya msingi kwa mapadri hapohapo Likasi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, kisha sekondari Lubumbashi, ambako alipata diplôme d'État mwezi wa Julai 1976 kwa pourcentage ya cinquante-huit, hamsini na nane kwa mia, na hakuwahi kuificha hiyo cinquante-huit, alipotusikia sisi watoto tunajisifu kwa pointi zetu alikuwa akisema, "Cinquante-huit yangu mwenyewe, hakuna muntu alinikopesha hata moja."

Kazi yake ya kwanza, kuanzia Januari 1977 hadi Novemba 1991, ilikuwa kwenye mizani ya kupima malori ya madini, lori linaingia unapima, linatoka unapima, unaandika, na dereva anakuangalia kwa macho ya kuomba, ndivyo alivyotuelezea, na alifunga ndoa na mama yetu Alphonsine, huyu aliyekaa mbele yenu, Lubumbashi, tarehe 11 Agosti 1984, wakajaliwa watoto watatu, kaka yetu Mwamba mwaka 1986, dada Nathalie mwaka 1990, na mimi niliyezaliwa hapa Ixelles tarehe 27 Novemba 1999, maana papa alifika Brussels tarehe 4 Februari 1993, majira ya baridi ya kwanza akalala chumba cha juu ya saluni ya nywele Matonge, na tangu tarehe 2 Septemba 1996 hadi kustaafu kwake tarehe 30 Juni 2022 alikuwa gardien, mlinzi kwenye mlango wa jengo moja la ofisi pale Schuman, miaka karibu ishirini na sita, bila hata siku moja ya kuchelewa, isipokuwa siku niliyozaliwa mimi. Wajukuu ni watano, wa mwisho ni Shekinah wangu, miezi minane, ndiye huyo mnayemsikia nyuma.

Bon, watu wa Likasi wengi hawaelewi papa aliingiaje katika mpira wa Waaustralia, nao wameniuliza tangu jana, basi ni hivi. Asubuhi moja ya mwaka 2009, papa alikuwa pale mlangoni Schuman anagombana kwenye simu kwa Kiswahili, na mzungu mmoja mzee aliyekuwa anapita akasimama akamwambia, kwa Kiswahili cha Likasi kabisa, "Papa, usimutukane, acha kwanza asubuhi ipite," na huyo alikuwa papa Thibault, aliyefundisha hesabu Likasi zamani, aliyekaa pale safu ya pili, rais wa klabu yetu ndogo ya hapa Laeken, Les Hérons, klabu iliyoanzishwa na mukwe wake Muaustralia, wanacheza na mpira wenye umbo la yai, nguzo nne kila upande, mpira ukipita katikati ya zile mbili ndefu ni goli, pointi sita, ukipita pembeni au ukigusa nguzo, hata kidogo, ni pointi moja tu. Na kati ya nguzo anasimama mwamuzi mwenye bendera mbili, ndiye anayesema ni sita au ni moja, papa Thibault alihitaji muntu ambaye hatikisiki wakimpigia kelele, akamchukua gardien.

Alisimama kati ya nguzo miaka kumi na tano. Fainali ya vijana, tarehe 16 Juni 2024, mume wangu Noé akiwa mwalimu wa Les Hérons, mpira wa mwisho ulipita katikati, sisi wote tukaruka, mimi na mimba ya mwanzo nikaruka, na papa akainua kidole kimoja, pointi moja, akasema umegusa nguzo, hakuna aliyeona, yeye alisikia kwa sikio lake, tukapoteza kwa pointi tatu, na Jumapili hiyo nyumbani papa na Noé walikula bukari, ugali wetu, kila mmoja akiangalia sahani yake, mpaka maman Alphonsine akauliza, "Leo hii bukari ni pointi ngapi? Sita ao moja?" na papa ndiye aliyecheka, Noé hakucheka.

Donc kwa ajili ya tabia yake hiyo ya siku zote, tangu mwaka 2015 klabu zote zilimweka katika jopo la watu watatu wanaochagua Mwalimu wa Mwaka wa timu za vijana, kila mmoja wa jopo anapanga walimu watatu, wa kwanza anampa pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, anatia sahihi, anafunga bahasha, na bahasha zinafunguliwa mezani usiku wa karamu mbele ya wote, na karatasi zinasomwa pamoja na jina la aliyeandika. Mwaka huu walimu waliobaki walikuwa Guido, Annemie na Noé. Papa alitaka kutoka katika jopo, alimpigia papa Thibault simu mimi nikiwa pale, "Mukwe wangu iko mule ndani, munitoshe," na papa Thibault akajibu, "Florent, wewe ulimunyima goli la fainali, ukitoka wewe nani atabaki?"

Ugonjwa. Moyo wake ulianza kuchoka mwezi wa Machi 2023, mikono ikaanza kutetemeka mwaka jana, msimu huu alitazama mechi kwenye kiti cha magurudumu nyuma ya nguzo, na blanketi, na daftari, alilazwa mara mbili, tarehe 12 Mei na tarehe 20 Agosti, akarudi nyumbani kwa ombi lake mwenyewe.

Sasa karatasi hii inayofuata haimo katika ile tafsiri ya Kifaransa aliyonayo dada Nathalie, nimeiandika leo asubuhi jikoni, Nathalie, utaitafsiri vile inavyotoka, usinihurumie.

Jumapili tarehe 28 Septemba 2025, saa kumi alasiri, papa aliniita, "Sephora, kuya, leta bic, leo tunapiga kura," kwa sababu mikono yake haikuweza tena kushika kalamu isipokuwa kwa sahihi, na mbele ya kutaja jina lolote alinieleza anavyohukumu, akasema kikombe kinaonyesha tu nani ana batoto warefu, mwalimu unamuona siku mutoto amekosa, maana mutoto akipiga mpira nje haangalii nguzo, haangalii bendera, anageuka kwanza kumuangalia mwalimu wake, "na mimi niko pale kati, ile sura inanipitia mimi wa kwanza, miaka kumi na tano naisoma." Alizungumza muda mrefu juu ya Guido, muda mrefu juu ya Annemie, na juu ya Noé akasema, "Noé iko na moyo, lakini batoto wake bakikosa banamuogopa, mwaka kesho, labda," akampa pointi moja.

Nikamwambia, "Lakini papa, kazi ya komini," kwa sababu mnajua wote, mwaka huu atakayechaguliwa, komini, manispaa yetu, inampa mkataba wa kufundisha mchezo huu mashuleni, mwaka mzima, mchana, na Noé anaamka saa tisa na nusu za usiku kwenda kusafisha maofisi, anarudi mikono inanuka javel, dawa ya kusafishia, hataki kumshika mutoto mpaka anawe mara tatu. Papa akanijibu, "Komini haikukuya kiwanjani."

Na mimi niliandika Noé, tatu. Mkono wangu uliandika, nilikuwa ninaona linavyoandikwa, sikusimama. Papa akasema, "Soma nisikie," hakuwa na miwani, nikamsomea vile alivyosema yeye, si vile nilivyoandika mimi, akasema vizuri, akatia sahihi, ikashuka hadi ukingo wa karatasi, akaniambia merci, mutoto yangu. Tarehe 30 Septemba nikampelekea papa Thibault bahasha imefungwa, akaipima kwenye kiganja akasema, "Hii ya Florent ningeweza kuisoma macho yakiwa yamefungwa."

Nilifikiri nitamwambia papa. Kila siku nilisema kesho. Usiku ule honi ilipolia nilifikiri sasa, nikaingia, lakini hakuwa anaomba maji wala dawa, hakuweza tena kusema, ambulansi ikaja, na papa akafariki saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, maman akiwa amemshika miguu.

Na karamu ni Jumamosi hii, tarehe 18, watafungua, watasoma, Florent Mwenze, pointi tatu kwa mukwe wake, na watasema kumbe hata yeye, kumbe mukwe ni mukwe, na papa hatakuwapo kuinua kidole. Siogopi kitu kingine. Ninaogopa pia Noé akose kazi, ndiyo, ninaogopa sana, nina mutoto, lakini hii ya jina la papa haina mwisho, hainiachi nilale.

Noé hakujua. Nimemwambia leo asubuhi alipokuwa anamvalisha Shekinah viatu, akaacha kiatu, akakaa chini sakafuni, nikadhani atapiga kelele, lakini akasema, "Ule mpira wa fainali uligusa nguzo, mimi pia nilisikia," kisha akaokota kile kiatu, akamvalisha mutoto, "Soma yote, Sephora, usiruke."

Papa Thibault, ile bahasha usiifungue, ipasue, karatasi iliyo ndani ni yangu, sahihi peke yake ndiyo ya papa. Kama sheria yenu inakubali kura ya muntu aliyefariki iandikwe upya, mpangilio wake ninao kichwani, na kama haikubali, ishuke naye kaburini, hiyo nyinyi mtaamua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa moyo, hasa yule aliyemfanyia papa utani mpaka akala, majirani wa ghorofa ya pili waliotushikia mlango wa lifti na kiti cha magurudumu msimu mzima bila kuchoka, wenzake gardiens wa Schuman waliotoka kazini asubuhi hii wakaja na sare zao, kwaya, na vijana wa timu zote tatu. Papa Florent, mikono yako imetulia sasa, lala kwa amani ya Bwana, na ninakuomba msamaha mbele ya watu hawa.

Jina ulilolitaja la kwanza nitamwambia papa Thibault sikioni, nje, mbele ya gari kuondoka, mara moja tu, kisha Guido asiniulize, Annemie asiniulize, maman, hata wewe, na Noé, hata wewe nyumbani usiku, ninaahidi hapa mbele ya jeneza lake, sitamwambia muntu mwingine.