Pini ya Bluu Ndani ya Draya Namba Mbili

Miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Huo ndio muda ambao fundi wetu wa mashine za kufulia na kukaushia nguo ameitumikia hospitali hii. Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, atarudisha bisibisi zake stoo, atatia sahihi na kwenda nyumbani. Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya jarida hili la wafanyakazi, nilimfuata karakana kumwomba habari. Alinipa tarehe ya kuajiriwa, namba yake ya ajira, na sharti moja: niandike habari ya pini. Nisipoiandika, alisema, hatakuja kwenye sherehe, na keki tutaila wenyewe.

Basi nitaiandika, ila kila kitu kwa zamu yake.

Alianza hapa kama mbeba mabunda ya shuka kutoka wodini hadi chumba cha kufulia. Ufundi hakuusomea darasani. Aliuokota vipande vipande kwa kusimama karibu na waliokuwa wanaujua na kujifanya anapumzika. Mwaka wake wa pili, mtaalamu aliyeitwa kutoka nje aliitangaza draya namba moja, mashine ya kukaushia, kuwa maiti, akaondoka. Mbeba shuka akaomba aachiwe marehemu. Siku tisa baadaye marehemu alikuwa anazunguka, na anazunguka mpaka leo. Mbeba shuka akapewa ovaroli ya fundi, ambayo kwa miezi kadhaa ilikuwa imemvaa yeye kuliko yeye alivyoivaa.

Wachache wanalijua jina lake la kwenye cheti. Sisi tunamwita Dakika Kumi. Kila anapotaka kufungua mashine huchomoa waya ukutani, hugeuza ndoo, huikalia, na kutazama saa hadi dakika kumi zipite. Ndani ya mashine, anasema, kuna vitu vinavyoficha umeme hata baada ya kuuzima, na vinauma. Msimamizi wetu wa ufuaji, mama ambaye hata madaktari humwita Shangazi, alipohamia hapa aliuona ule ukaaji kuwa uvivu wa waziwazi, akauripoti kwa wakubwa. Wiki iliyofuata fundi mmoja wa nje, mwenye haraka zake, alitia mkono bila kusubiri. Tulimtoa ndani ya kapu la foronya. Kesho yake tuliona Shangazi ameiwekea ndoo mto.

Kila waya anaoung'oa huufunga kipande cha kitambaa, rangi yake na mahali pake, ili urudi ulikotoka. Kila Ijumaa huondoa vumbi la pamba kwenye mabomba ya hewa, kazi isiyopigiwa makofi na mtu yeyote, na katika miaka thelathini na mmoja hatujawahi kuunguliwa hata na shuka moja. Ukimwambia mashine haitoi joto, hakimbilii kuifungua. Kwanza anaisikiliza, kisha anainusa.

Kuna jambo moja ambalo wengi wetu tulimsema vibaya. Miaka kama minane iliyopita alianza kututazama kwa upembe. Unaongea naye, naye anageuza uso kidogo, kama mtu asiyeamini unachomwambia. Wengine walisema cheo kimempanda kichwani. Mimi, ambaye ndiye mtunza stoo na ndiye ninayeandika vibali vya kutoa vifaa nje ya geti, nilidhani ananituhumu kuhusu fyuzi zilizopungua. Nilihesabu fyuzi mara tatu.

Wakati huo huo alianza tabia nyingine. Kile kibao cha umeme kinachoiamuru draya izunguke lini na ipashe joto lini, kikiharibika, alikuwa hakitengenezi tena karakana. Alikiombea kibali, akakifunga kwenye taulo na kwenda nacho nyumbani. Asubuhi kinarudi kizima. Kwenye kibali kuna mstari unaouliza jina la mtengenezaji, naye alijaza lake. Tulimtania kwamba nyumbani kuna chai nzuri kuliko ya ofisini. Alicheka na sisi.

Sasa tufike kwenye pini.

Ilikuwa Jumanne, miaka mitatu iliyopita. Namba moja ilikuwa imejaa nguo za wodini, namba tatu na namba nne zilikuwa zinasubiri mikanda. Kibao cha namba mbili kilikuwa kimerudi kutoka nyumbani asubuhi ile. Chumba cha upasuaji kilikuwa na wagonjwa wawili mchana na shuka zao zilikuwa bado mbichi. Dakika Kumi alikirudisha kibao mahali pake, akawasha. Kikasikika kishindo kidogo, kama mtu aliyepiga ulimi, na fyuzi ikaungua.

Akachomoa waya, akakaa dakika zake kumi, akafungua. Mimi nilishika tochi. Aliinamia kibao, pua karibu iguse, akakitazama sawasawa katikati. Katikati hapo, imelala juu ya miguu ya vifaa viwili, ilikuwapo pini ya fundi cherehani yenye kichwa cha bluu. Kubwa tu. Nilisubiri aitoe. Alipitisha macho juu yake mara mbili, akarudi, akapita tena.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Unaona nini hapo?"

Nikamwambia, "Pini, mzee."

Alirudi kwenye ndoo akakaa, ingawa waya ulikuwa umeshachomolewa na dakika kumi zilikuwa zimeshapita. Ndipo aliponieleza. Lilikuwa limemwingia doa machoni, katikati kabisa ya anachokitazama. Pembeni anaona, lakini kile anachokikazia macho ndicho kinachotoweka. Miwani haikusaidia. Ndiyo maana alitutazama kwa upembe: ilikuwa njia pekee ya kutuona. Alibakiza miaka mitatu astaafu, na fundi asiyeona alijua anakopelekwa. Alikuwa hajamwambia mtu, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja ni mkewe, fundi cherehani, anayeshona sebuleni kwao karibu na dirisha. Vitambaa vya pamba huvifua na kuvikausha kabla ya kuvikata, ili gauni lisije likamsinyalia mteja mwilini, na kwa kazi hiyo alikuwa na draya ndogo ya mitumba. Siku moja draya ile ikaanza kuzunguka bila joto. Taa zinawaka, ngoma inageuka, kitambaa kinatoka baridi kama kilivyoingia. Mumewe alichomoa waya, akasubiri, akakitoa kibao, na kwa kutumia mita ile inayolia, inayomwambia fundi kwa sauti wapi umeme unapita na wapi umekatika, akaupata ugonjwa. Ile swichi ndogo inayofungulia joto ilikuwa imelegea. Lehemu iliyoshika mguu wake ilikuwa imepasuka duara, ufa mwembamba kama unywele. Kilichobaki ni kuupasha moto na kutia tone moja jipya. Kazi ya dakika mbili.

Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu ncha ya moto ya chuma cha kutilia lehemu ilikikosa kibao kizima na kutoboa kitambaa cha mteja kilichokuwa kando ya meza.

Mkewe hakupiga kelele. Hapa nanukuu, kwa sababu wote wawili wameniambia maneno yale yale, kila mmoja kwa wakati wake: "Hebu nipishe. Mimi natunga uzi kwenye sindano mchana kutwa. Wewe nionyeshe wapi, mimi nitatia."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Mume anatafuta ugonjwa kwa mita, masikio na kidole. Akipata mahali penyewe, mkewe anachomeka pini kwenye tundu la karibu kama anavyoweka alama kwenye pindo, kisha anavuta taa yake ya cherehani, anavaa miwani ya kazi, na kutia lehemu. Wakimaliza pini zinatolewa, zinahesabiwa, zinarudi kwenye kimto chake. Seti ni kumi na mbili. Vibao vyote tulivyosifu humu ndani kwa miaka mitano, vile vyenye matone yaliyopangana kama kushona kwa mkono, vilikuwa kazi ya mkono wa mtu tusiyemjua. Jumatatu ile, kabla hawajahesabu, aliingia bibi harusi kujaribu gauni, na gauni lilikuwa halifungi mgongoni. Fundi cherehani yeyote atakuambia jambo kama hilo haliwezi kungoja. Pini hazikuhesabiwa.

Nikamshauri kitu ambacho sijivunii. Nilimwambia chumba cha kufulia kimejaa pini. Moja ingeweza kudondoka kutoka kwenye vazi lolote na kupenya ndani, nani angejua? Tungesema hivyo, tubadilishe fyuzi, yaishe.

Wakati huo Shangazi alikuwa ameshasimama mlangoni na shuka mbichi begani, anauliza kuna nini. Mifuko na mapindo ya kila vazi hukaguliwa na akina mama wa Shangazi kabla ya kufuliwa, na kila mmoja hutia sahihi. Pini ikitoka kwenye vazi, kuna mama mmoja wa kujibu.

Dakika Kumi akaniambia, "Wasemwe hawa kwa kosa la mezani kwangu? Hapana, bwana."

Niliitoa pini nikaitunza, tukabadilisha fyuzi. Namba mbili haikuwa imeumia zaidi, shuka zikakauka, wagonjwa wakapasuliwa kwa wakati. Naye akavua ovaroli, akaikunja, akapanda ngazi kwenda kwa mkuu wa huduma kusema yote: macho, nyumbani, mkewe, miaka mitano ya kujaza jina lisilo sahihi kwenye vibali vyangu.

Mkuu wa huduma alifanya ambacho kanuni zinamtaka afanye. Dakika Kumi aliondolewa kwenye mashine akaletwa kwangu stoo, kuhesabu ndoo. Tulikaa pamoja wiki tatu. Alizihesabu vizuri sana, na sijawahi kuona mtu akihesabu ndoo kwa huzuni kama ile. Kila draya ilipobadilisha mlio kule chumbani alinyamaza katikati ya namba.

Wiki ya nne kibao cha namba nne kikafa. Kipya kingechukua miezi miwili kufika. Shangazi hakuandika barua. Alipanda mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha wageni, akamwambia mkuu kwamba ana macho kumi na manne chini kule, ya wanawake saba, na hakuna hata moja linalojua draya inaumwa nini. Aliyejua alikuwa stoo anahesabu ndoo. Halafu akaongeza kwamba hana haraka, anaweza kusubiri hapo hapo dakika kumi.

Kesho yake fundi cherehani aliingia getini na kimto chake cha pini. Kazi ilifanyika kwenye meza ya kukunjia shuka, mkuu wa huduma amesimama, sisi tumejifanya tuna shughuli karibu. Mume alipitisha mita, ikalia, ikalia, ikanyamaza. Akasema, "Hapa." Mke akachomeka pini. Walifanya hivyo mara nne bila kuongea zaidi, kama watu wanaotandika kitanda kimoja kwa miaka mingi. Moshi mwembamba, tone, tone. Mwisho akatoa pini na kuzihesabu kwa sauti, mkuu naye akajikuta anahesabu pamoja naye. Zilikuwa kumi na moja.

Namba nne ikawaka. Joto lilipotoka Shangazi aliuweka mkono mbele ya mlango wake na kuuacha hapo.

Tangu siku hiyo kazi ya vibao imefanyika mchana, mezani, mbele ya watu. Fundi cherehani aliandikishwa kama fundi wa nje, na fomu ya kibali ikabadilishwa: pale palipoulizwa jina la mtengenezaji sasa pana mistari miwili. Na Dakika Kumi amefika kwenye tarehe yake ya kustaafu akiwa amevaa ovaroli, jambo ambalo kwa wiki tatu hatukuwa na uhakika nalo, yeye kuliko sisi.

Nilimuuliza kwa nini alitaka habari hii iandikwe, wakati angeweza kuondoka na sifa zake tu. Alinigeuzia uso kwa upembe, ananitazama sawasawa, akasema sifa zenyewe si zake peke yake, na yeye haondoki na kifaa cha mtu bila kibali.

Kwa hiyo kibali nimekiandika, cha mwisho katika kitabu kile. Kifaa: pini moja, kichwa cha bluu. Ilikaa miaka mitatu imechomekwa kwenye jalada la kitabu changu cha vibali, na mwenye pini, yule mama, ameiulizia kila alipopita, kwa upole wa mtu asiyesahau. Atakabidhiwa siku ya sherehe, mbele ya watu wote, kabla ya keki.

Mzee wetu, asante kwa joto ulilotuwekea miaka yote hii. Mama, asante kwa kila tone. Tunawatakia nyote wawili siku nyingi zenye mwanga mzuri dirishani, na mtu wa kuzihesabu pamoja naye. Pini zenu sasa ni kumi na mbili.