Jibu Nililolisoma Kuhusu Maji ya Verrall

Sogeza kiti, Garth, na wewe Jillian zima hiyo redio, maana nitakayoyasema nitayasema mara moja tu, na daktari ameniambia kwa upole wake wote kwamba nisihesabu wiki. Wakili ameshaandika yanayomhusu. Haya ni yale ambayo wakili hawezi kuyaandika. Msinikatize, wanangu, nikikohoa, ngojeni nimalize kukohoa.

Shamba la matofaa ni lako, Jillian, lote, pamoja na ghala la baridi na lile trekta ambalo baba yenu aliapa kulitengeneza mpaka akafa. Wewe ndiye uliyebaki hapa ukiamka alfajiri kuwasha moto kati ya miti umande unapoganda juu ya maua. Na nyumba hii ni yako. Garth ana nyumba yake mjini, na kuanzia Jumanne atakuwa na kiti changu cha zamani, Kiongozi wa Shughuli za Serikali katika Baraza la Juu. Siku tatu sasa watu wananipigia simu kunipongeza, eti mama na mwana katika kiti kimoja. Nimewashukuru. Lakini nilipokata simu nilibaki na hasira, na hasira hiyo ninaishi nayo mwaka wa kumi na tisa huu.

Kazi hiyo, Garth, wewe uliiona ukiwa mshauri wa Waziri Strake, umekaa kwenye viti vya washauri, nyuma ya mgongo wangu, na mgongo hauonyeshi kila kitu. Saa mbili asubuhi unakaa na karani mnapanga orodha ya siku: muswada upi utangulie, upi usubiri kwa kuwa mjumbe fulani yuko kwa daktari wa meno na kura yake unaihitaji. Sisi wa serikali tulikuwa wanne katika Baraza la watu kumi na watano. Waliobaki hawana chama, kila mmoja ana jimbo lake na kiburi chake, na hakuna hata mmoja unayeweza kumwamuru. Kwa hiyo unatembea. Unagonga mlango, unakunywa chai mbovu ya mtu, unasikiliza habari za daraja lake lililooza, na ukitoka hapo umekubali kubadilisha kifungu kimoja ili kumi vipite. Hiyo sehemu niliipenda, sitasema uongo. Kisha alasiri yanakuja maswali, na mawaziri wote saba wako Bunge la chini, kwa hiyo unawajibia wewe peke yako: hospitali, magereza, samaki, barabara. Unapewa karatasi nusu saa kabla, unasimama, unaanza, "Nimearifiwa kwamba." Niliamini maneno hayo yananikinga.

Siku ile aliyeuliza alikuwa Beattie Oldaker, yule mwalimu mstaafu wa kule magharibi. Aliuliza kama maji ya bomba ya Verrall, penye mgodi ule wa zamani, ni salama kwa watoto kunywa. Nikageuka nyuma, na wewe ukaniletea karatasi. Sikuisoma kwanza kimoyomoyo kama nilivyozoea, kwa sababu ilitoka mkononi mwa mwanangu. Nikasema, "Nimearifiwa kwamba maji ya Verrall yamepimwa na ni salama." Akasimama tena. Nikarudia. Akasimama mara ya tatu, akasema, "Kiongozi, sikuulizi umearifiwa nini. Nakuuliza unajua nini."

Na mimi, ambaye bibi yenu alinilea nisimdharau mtu mzima, nikasema, "Mheshimiwa angefundisha kemia badala ya kushona, tungeshamaliza mapema." Baraza zima likacheka. Kicheko hicho kimo katika taarifa rasmi, kimeandikwa kwenye mabano.

Wiki sita baadaye alikuja ofisini mama mmoja, Noeline Skeggs, na binti yake wa miaka minne. Alikaa hajavua koti. Akaniambia, "Tulikuwa tumeshaacha kunywa ya bomba. Tulikuwa tunanunua ya chupa. Halafu nikakusikia kwenye redio, nikamwambia mume wangu, yule mama si mwongo." Damu ya mtoto ilikuwa imepimwa, imekutwa na madini ya risasi. Mtoto alikuwa ameanza kusahau maneno aliyokuwa ameshayajua. Kisha akatoa nakala ya barua aliyopewa na mtu wa maabara: vipimo vya maji, vibaya vyote, vimepokelewa ofisini kwa Waziri Strake siku tisa kabla ya jibu langu. Pembeni palikuwa na herufi mbili za aliyeipokea, kwa mwandiko ambao mimi ndiye niliyeufundisha, kwenye meza ya jikoni ya nyumba hii.

Mtazame dada yako, Garth. Alikuwa hajui.

Nilikukuta penye maegesho ya magari. Ukaniambia, "Mama, waziri alisema vipimo bado havijathibitishwa. Ningefanya nini?" Nikasema, "Ungeniambia." Ukasema, "Na ungekataa kusoma?" Sikukujibu, kwa kuwa siku ile uliyonipa karatasi muswada wetu wa misitu ulikuwa unangoja kura, na nilijihofia mwenyewe.

Waziri Mkuu akaniomba ningoje, bajeti ipite kwanza, wiki mbili tu. Sikungoja. Asubuhi iliyofuata nilisimama nikaliambia Baraza kwamba nililipotosha, nikaacha uongozi siku hiyohiyo, na magazeti yakaniita mwanamke mkweli. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Nilisema nilipewa taarifa isiyo sahihi, nikakaa, sikusema na nani. Strake alihitaji mtu wa kubebeshwa lawama, na kufikia Ijumaa akampata Coralie Vince, mpiga chapa wake, eti alichanganya ripoti mbili. Akafukuzwa, na jina lake likasomwa kwenye habari za jioni. Mimi nilikuwa na ile nakala kwenye mkoba. Nilijua ni yeye au ni mwanangu, nikachagua. Hakuna aliyenilazimisha.

Sasa anafua mashuka ya hospitali. Aliwahi kuniandikia mara moja, mstari mmoja: "Sikuichapa karatasi ile, je, ulijua?" Sikumjibu. Mimi, niliyelijibu Baraza miaka tisa.

Kwa hiyo sikilizeni. Ile nyumba ndogo ya Ghuba ya Tanner nimempa Coralie Vince. Naona mnavyotazamana. Najua mlijifunzia kuogelea pale, na najua majivu ya baba yenu tuliyamwaga pale. Si fidia, haiwezi kuwa fidia. Ni kwamba ninataka awe na mahali ambapo jina langu limeandikwa karibu na lake kwenye karatasi, kwa heshima. Msiende mahakamani. Jillian, mpelekee ufunguo wewe mwenyewe, na akikufungia mlango, uache kizingitini.

Strake ameniandikia kwamba serikali ingependa kunizika kwa heshima zote, na kwamba yeye angepata fahari kusema maneno machache. Hatasema hata moja. Sitaki bendera. Kanisa dogo la pale juu linatosha, nyimbo mbili, na mtu asiniite mkweli.

Garth, nimekuficha miaka kumi na tisa nikidhani ndio umama. Nilikuharibu. Ulikuwa na miaka thelathini na tisa, hukuwa mtoto, na mimi nikakufanya mtoto. Jumanne, baada ya sala, kabla hujaita shughuli ya kwanza, omba ruhusa ya kutoa maelezo binafsi. Watakupa, ruhusa hiyo hainyimwi mtu. Taja tarehe ya barua. Sema ni wewe uliyeipokea. Taja Coralie Vince, jina zima, ili liingie kwenye taarifa rasmi, mahali pamoja na kile kicheko. Huenda ukawa Kiongozi kwa robo saa tu. Basi iwe robo saa. Usipofanya, hutabeba jeneza langu. Jillian amesikia, na Jillian hasahau.

Niinueni kidogo. Hivyo. Pumzi inakatika... Jillian, ile miti ya upande wa mto, ikate, imezeeka. Mungu akupe mavuno, na mtu wa kukusaidia kuyavuna. Umenitunza bila kunikumbusha kwamba unanitunza.

Garth, njoo huku. Karibu zaidi, sioni vizuri. Hasira yangu ni kubwa, lakini hukuzaliwa katika hasira, mwanangu, ulizaliwa siku ya jua... nilikupenda kabla hujalia. Mungu akupe miguu ya kusimama. Nakubariki. Ukifanya, nakubariki, na usipofanya... bado nakubariki, ila jeneza usiguse.

Nyamaza. Usinijibu mimi. Kawajibu wao.