Ma Okbun, Mchanjaji wa Watoto Njiti

Marehemu Ma Okbun alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 katika kijiji cha Songhwa, Jeolla Kusini, mtoto wa nne wa mfuma mikeka, mzee Ma Chilbong.

Alisoma shule ya kijijini, kisha akahitimu uuguzi mjini Gwangju mwaka 1969. Cheti chake kilisema ni hodari, ila hajui kukataliwa.

Mwaka 1970 alianza kazi ya chanjo Songhwa. Aprili 1974 kifaduro kiliingia kijijini, naye akamkimbilia kwanza Tak Daeseop, mtoto njiti aliyezaliwa miezi miwili kabla ya siku zake na sasa ametimiza miezi miwili. Alikuta mlangoni ile kamba ya mabua ya mpunga inayozuia wageni siku ishirini na moja baada ya uzazi. Hii ilikuwa na siku sitini. Bibi wa mtoto, Gannan, alieleza kwamba mjukuu alitakiwa kuzaliwa jana, kwa hiyo siku zake zinaanza leo.

"Huyu hajazaliwa bado, binti. Unamdunga nani?"

Marehemu alitua kisanduku cha barafu, akauliza mtoto ana umri gani.

"Mwaka mmoja," bibi akajibu papo hapo, maana kwetu mtoto huja duniani na mwaka wake wa tumboni.

"Mwaka umempa mzima, bibi, na tumboni hakuumaliza. Kwenye umri unamzidishia, kwenye sindano unampunja. Chanjo huhesabiwa tangu siku aliyolia, na kifaduro hakisubiri hesabu zako."

Bibi aliitazama kamba, kisha mjukuu.

"Mgeni haingii," akasema. "Ila sijasikia kwamba paja halitoki."

Akapitisha paja moja juu ya kamba, jembamba kama mpini wa mwiko. Marehemu alilichanja akiwa amepiga magoti kwenye matope.

Ami wa mtoto, Tak Mansik, aliyemshikia marehemu mwavuli mvuani siku hiyo, alileta posa. Walifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1975. Bibi Gannan aliridhia kwa sharti kwamba bibi harusi aingie bila kisanduku.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Wodini alikagua tarehe za dawa za wagonjwa wenzake mpaka akahamishwa kitanda. Alifariki tarehe 9 Novemba 2024.

Ameacha mume, watoto wawili, Gyeongran na Hyeonu, wajukuu watatu, na watoto njiti wengi wa Songhwa ambao leo wanainama kupita milangoni. Daeseop, kilo mia moja na mbili, amebeba jeneza upande wa mbele. Walio nyuma yake hawaoni njia.

Udongo wa Songhwa umlaze taratibu.