Chupa Niliyoiita Dawa

Ndugu zangu wa kanisa la Songo, Bwana apewe sifa! Leo ninasema hivyo bila kucheka. Mnanijua. Nilisoma kemia hadi chuo kikuu, kisha nikakosa kazi, nikaanza kupuliza dawa ya kunguni na mende katika nyumba za watu. Ibadani nilikuja kwa ajili ya mama yangu tu. Kila mahubiri nilikuwa na swali, na kila swali lilikuwa na dharau ndani yake.

Siku moja nilipuliza nyumba ya mjane mmoja wa mtaa wa Kasenga. Alikuwa anakohoa sana. Kabla sijaanza alinipa chai, akaiombea mpaka nikachoka.

"Mama, Mungu amesikia, chai inapoa!"

"Weye, masomo iko mingi, subira hakuna," akanijibu, akaendelea.

Nilipomaliza kazi, binti yake Neema aliomba nimwachie mabaki kidogo ya dawa ya kunguni, ya kupaka kwenye kitanda. Nikayamimina katika chupa tupu ya sirapu ya kikohozi. Mimi, mtu wa kemia! Neema alikuwa ameenda kuchota maji, nikaiweka kando ya mama yake uani. "Mama, dawa ya Neema hii hapa." Sote tunaiita dawa, ndugu zangu. Nikaondoka.

Nikiwa tayari juu ya pikipiki, nikakumbuka glavu zangu. Nikarudi. Yule mama alikuwa na kijiko mkononi, kimejaa, macho amefumba, anaomba kabla ya kunywa. Alidhani Neema amemnunulia sirapu. Alikuwa ameshaombea majirani, ndugu zake wa Bwegera na mpunga wao. Nikamsikia: "Na ule kijana wa kunguni, Baba, umurudishe kwako..."

"Mama, usikunywe! Ni sumu!"

Akafumbua macho. "Weye si ulisema ni dawa?"

Nikakipokea kijiko. Nikamwaga kilichomo. Akasema, "Basi, tumalize maombi." Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi. Amina yangu ya kwanza ya kweli!

Ndugu zangu, bado ninauliza. Je, ni glavu tu zilizonirudisha? Siwezi kuthibitisha. Lakini maombi yake marefu, yale niliyoyacheka, ndiyo yaliyomwokoa yeye na kifo, na mimi na kuua. Ninamshukuru Mungu! Leo kila chupa yangu ninaiandika SUMU.

Wewe mwenye maswali kama yangu, usingoje yaishe. Njoo nayo. Kuna mtu amefumba macho sasa hivi, na amefika kwenye jina lako.