Mwalimu wa Kiti cha Pili

Viongozi wetu wa dini, uongozi wa Chuo Kikuu, walimu, wanasihi, majirani, ndugu na jamaa, familia imenituma mimi, mtoto wa kaka yake, niwasomee maisha ya shangazi yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu, na wengine, mkidhani hasikii, mlimwita Kiti cha Pili, nami naanza kwa kuwaarifu kwamba jina hilo alilijua, na alilipenda.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tano na wa mwisho wa baba fundi mitambo na mama mshonaji, na kwa kuwa kaka zake walimtangulia kwa miaka mingi, alikulia kati ya watu wazima wenye shughuli zao, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, alijifunza kunyamaza kabla hajajifunza kusema.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, sekondari ya wasichana kuanzia 1971 hadi 1974, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu Novemba 1976, akafundisha darasa la kwanza kwa miaka kumi na mitatu mfululizo, halafu akarudi kusoma akiwa mtu mzima, akapata shahada ya elimu mwaka 1993 na stashahada ya juu ya unasihi mwaka 1995.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na mpima ardhi, mtu mcheshi na hodari wa kazi yake, ambaye Januari 1988 aliaga kwamba anakwenda kupima mashamba kwa miezi sita, barua zake zikaja, zikapungua, zikakoma, na baada ya miaka minane tukasikia kwamba ana nyumba nyingine na watoto wanne, habari ambayo shangazi aliipokea akiwa anapasi nguo, akamaliza kupasi, akazikunja, wala hakulizungumza tena jambo hilo nasi.

Kuhusu watoto, kwa miaka mingi sisi wa familia tumekuwa tukijibu, kila tulipoulizwa, kwamba hakujaliwa, kwa kuwa ndivyo tulivyojua, na leo tunasahihisha mbele yenu nyote, kwamba alijaliwa mtoto mmoja wa kike, aliyezaliwa tarehe 4 Agosti 1984 na kufariki tarehe 23 Agosti mwaka huohuo, akiwa ameishi siku kumi na tisa, na kwamba wiki ile ya uzazi mumewe alinunua redio ndogo yenye mkanda wa ngozi, ili mtoto asikie nyimbo, na redio hiyo ndiyo mliyoisikia nyote mliopita mbele ya nyumba yake, ikizungumza tangu asubuhi, mwenyewe awepo asiwepo.

Tarehe 2 Septemba 1996 aliajiriwa na Chuo Kikuu hiki cha kanisa, katika Idara ya Ualimu na Unasihi, ambayo kazi yake ni kuwaandaa walimu na wanasihi mpaka bodi iwape leseni, na kwa miaka ishirini na mitano, mpaka alipoacha hata kazi ya muda mwaka 2021, zaidi ya watu elfu moja na mia mbili walipita mikononi mwake. Waliosomea ualimu wanamkumbuka akiwa amejibana katika dawati la mtoto, nyuma kabisa ya darasa, daftari magotini, na wapo hapa leo wanaokumbuka maneno yake baada ya kipindi, kama yule aliyeambiwa, “Ubao umeufundisha vizuri sana, mwanangu, sasa geuka uwafundishe na watoto.” Waliosomea unasihi aliwaonya, kwa kuwa ni chuo cha watu wa sala, wasikimbilie kumwombea mtu aliye bado katikati ya habari yake, akisema, “Msimzibe mtu mdomo kwa amina,” na kasisi wa chuo, aliyeketi pale mbele, amekiri kwangu juzi kwamba na yeye alishaambiwa hivyo, tena mara mbili.

Lakini kazi yake hasa ilikuwa katika chumba namba nne, chenye pazia la kijani, meza ndogo na viti viwili vya mbao, ambapo mtahiniwa huketi kiti cha kwanza kama mnasihi, na mwalimu huketi cha pili akijifanya mtu mwenye shida, huku mkuu wa idara akitazama kutoka pembeni. Shangazi alikuwa mjane aliyegombana na wakwe, alikuwa msichana aliyefeli, alikuwa mzee aliyeachishwa kazi, na alilia machozi ya kweli hata wanafunzi wakawa wanaulizana mlangoni, “Leo Mwalimu kafiwa na nani?” Na katika shida zote alizozitunga, moja ndiyo iliyotumika zaidi, wakaiita ile ya redio, yaani ya mama aishiye peke yake, anayeacha redio ikisema kutwa nzima, ili akifungua mlango asikute kimya.

Ndugu waombolezaji, sisi redio hiyo tulikuwa tunaijua, na mimi ninayesoma hapa ndiye niliyekuwa hodari wa kumtania, kila nilipomtembelea, “Shangazi, hiyo redio unamwachia nani?” naye akanijibu, “Naiachia nyumba,” tukacheka, nikanywa chai, nikaondoka, na sikuwahi kuuliza swali la pili.

Aliyeuliza alikuwa mtahiniwa. Tarehe 14 Novemba 2013 aliingia chumba namba nne mwanafunzi wa miaka arobaini na sita, aliyekuwa seremala kabla ya kurudi shule, ambaye wenzake walimwita Babu, akapewa ile ya redio, akasikiliza kwa dakika kumi na mbili, kisha, kama anavyosimulia mkuu wa idara aliyekuwepo, akaweka kalamu chini na kusema, “Samahani, Mwalimu, natoka kidogo kwenye mtihani. Hiyo redio ni ya kwako?” Shangazi aliichukua kalamu ile, akamrudishia, akasema, “Rudi kwenye zoezi, mtahiniwa,” naye akajibu, “Nitarudije nikuache huko peke yako?”

Fomu ya mtihani ule aliitunga shangazi mwenyewe, na kipengele cha sita kinasema kwamba mtahiniwa akitoka nje ya zoezi amefeli, kwa sababu leseni haitolewi kwa huruma, na saini yake ndiyo iliyokuwa ikimpeleka mtu kwa bodi au kumrudisha, basi akamfelisha. Babu alisubiri mwaka mzima, akirudi kwenye randa na misumari, akatahiniwa tena Novemba 2014 na mwalimu mwingine, akafaulu. Lakini fomu ile ya kwanza ilikuwa na swali la kumi na tatu, ambalo hujazwa na aliyeketi kiti cha pili, linalouliza, “Je, ulijisikia umesikilizwa?” na shangazi, ambaye hakupata kuacha nafasi tupu katika karatasi yoyote, aliliacha tupu, mkuu wa idara akaliona pengo lile, akaliheshimu, na shangazi akaichukua nakala yake nyumbani.

Afya yake ilianza kudhoofu Februari 2023, madaktari wakagundua saratani ya ini, na tarehe 3 Mei akalazwa katika hospitali ambayo, bila yeye kujua, mnasihi wa wodi ni yule Babu. Siku ya kwanza alipomwona mlangoni alimuuliza, “Umekuja kama nani?” naye akasema, “Kama mgeni, Mwalimu. Leseni nimeiacha ofisini.” Tangu hapo alikuja kila Jumanne na Ijumaa alasiri, baada ya zamu yake, na kwa kuwa wodini kulikuwa na kiti kimoja tu, shangazi alimtania kwamba amemnyang'anya kiti chake. Aliyoyasema katika alasiri hizo ni yake, na mnasihi huyo hakutuambia hata neno moja, isipokuwa lile la mtoto wa siku kumi na tisa, ambalo shangazi mwenyewe alimwagiza atufikishie, kwa kuwa aliona haya kutuambia baada ya miaka mingi hivyo.

Ijumaa, tarehe 16 Juni, aliniagiza nimletee bahasha ya kahawia iliyo katika droo chini ya redio, pamoja na kalamu, akaandika kwa shida, akaifunga, akaandika juu yake, “Isomwe yote, usiruke.” Jumatano, tarehe 21 Juni 2023, saa tisa na robo alasiri, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya nne, majirani mliobadilisha betri za redio alipokuwa amelazwa bila kuulizana kwa nini, walimu wenzake, uongozi wa Chuo, na wewe, kaka yetu mnasihi uliyekaa safu ya nyuma, ambaye umekataa kuja mbele.

Bahasha tuliifungua jana. Ndani mlikuwa na fomu ile ya tarehe 14 Novemba 2013, na kwenye swali la kumi na tatu, kwa mwandiko wake, imeandikwa, “Ndiyo,” na tarehe, 16 Juni 2023, na chini yake maneno haya, ambayo nasoma yote bila kuruka: “Kipengele cha sita kibaki kama kilivyo. Alitoka nje ya zoezi.”

Redio tumeizima leo asubuhi, shangazi. Pumzika kwa amani, umesikilizwa.